Jumamosi tunaendelea na Ged na kile kivuli

Wapendwa habari za asubuhi, nawakumbusha Jumamosi saa kumi jioni tunaendelea na mjadala wa kitabu, riwaya ya A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, kile cha 1968, naomba mfike mmeshasoma mpaka pale Roke, kwenye shule ya wachawi, maana ndo penyewe. Mi nimerudia hiyo sehemu jana usiku usingizi ukakata kabisa. Yule dogo Ged, mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, kipaji anacho kweli, ila mwenzake Jasper akimchokoza kidogo tu basi anataka kumwonyesha, anaita roho ya mfu, kinachotoka ni kivuli, kinamrukia kinamrarua uso, na mzee Nemmerle mkuu wa shule anatumia nguvu zake zote kuziba ule ufa kivuli kilipotokea, anakufa. Yaani kosa kafanya mtoto, gharama kalipa mzee. Hapo nataka tukae sana, mtoto anapata uwezo kabla hajapata akili ya kuutumia, na sisi wazazi kazi yetu kusifia maksi tu.

Halafu ule mwisho, wale mliomaliza mmeona, Ged hakiui kile kivuli, anakiita kwa jina lake yeye mwenyewe, Ged. Binti yangu wa miaka 12 akaniuliza "mama, kwa hiyo kivuli ni yeye?" nikanyamaza kwanza.

Mje na watoto, kuanzia miaka kumi hivi, tutawasikiliza wao kabla yetu. Asiye na kitabu anicheki leo nimwazime changu, nishamaliza.