Barua kwa Mwanangu Anayevunja Vyuma

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Marahaba. Nyumbani hatujambo, mama yako anakusalimu.

Unasema huko Sheffield umechoka, kutwa unavunja vipande vya chuma maabara, na wenzako uliosoma nao wako benki Dar. Samahani, nilicheka kidogo. Babu yako kule Mamba alikuwa akivivunja bure.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilifua tindo langu la kwanza kwa springi ya Land Rover. Likiwa jekundu nikalitumbukiza majini. Lilikuwa gumu, tupa haikulikwaruza! Pigo la tatu likakatika kama kioo. Mzee hakunigombeza. Aliokota kipande, akatazama chembe za pale lilipokatikia, muda mrefu. Kisha akafua lingine, akalizamisha, akalisugua ling'ae na kulirudisha motoni polepole. Rangi ya asali ikapita. Ya zambarau ilipofika ncha, akalipoza. Hayo ndiyo matiko. Rangi aliijua, sababu hakuijua. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba kaboni hunaswa ndani chuma kikipozwa ghafla, na moto wa pili huilegeza kidogo.

Ndiwe pia uliyenisimulia meli za mizigo za Marekani, zile za Liberty, zilivyopasuka kwenye bahari ya baridi wakati wa vita ya pili. Watu wakawalaumu mafundi wa kuchomelea, mpaka Constance Tipper wa Cambridge akaonyesha kwamba chuma chenyewe hukosa ustahimilivu baridi ikizidi. Nami nimechomelea maisha yangu yote, kwa hiyo yule mama nampenda sana. Unadhani alijuaje? Alivunja vipande, kama wewe.

Sikulazimishi urudi. Ila Liganga, ule mlima wa chuma kule Ludewa, ipo, na mawe yake yana madini ya titani, ambayo hufanya takataka ya tanuri iwe nzito kama uji uliolala. Tanuri la kunakili kwa wengine halitatosha pale.

Shangazi yako anakuja huko mwezi ujao. Nimempa lile tindo la babu, limefungwa gazetini. Aliweke kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege, asije akakamatwa nalo. Lipime ugumu, uniambie mzee alilipasha joto kiasi gani. Ulisema kipimo huacha kidoa tu. Basi kiwe kidoa, usilivunje. Desemba nina kazi nalo.

Baba yako