Nusu kidonge kilimuua paka wangu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita.

Nauza mahindi na maharage Pasua, hapa Moshi. Kwa miaka minne stoo yangu ililindwa na paka mweusi niliyemwita Chausiku. Wenye stoo za nafaka wanajua paka wa namna hiyo ana thamani gani. Jumatatu moja aliruka kutoka juu ya bati akatua vibaya, akawa anachechemea. Nilikwenda duka la dawa la mtaani, nikasema paka wangu ameumia mguu. Muuzaji akanipa parasetamoli, akaniambia, "Mama, mpe nusu tu, kama mtoto." Nikaisaga, nikaichanganya na dagaa. Alikula yote, maana hajawahi kukataa kitu kilichotoka mkononi mwangu.

Jioni alianza kudondosha mate na kuhema kama aliyefukuzwa na mbwa. Nikadhani ni maumivu, nikamwacha alale. Alfajiri nilimkuta uso umevimba, miguu imevimba, na fizi zimekuwa kahawia kama matope. Nilimtia kwenye kapu, nikapanda bodaboda hadi kwa daktari wa mifugo. Daktari alimfunua mdomo tu, akauliza, "Mmempa panadol?"

Alinieleza kwamba ini la binadamu lina uwezo wa kuifunga dawa hii ili itoke kwenye mkojo. Ini la paka halina uwezo huo, au linao kidogo mno. Dawa hugeuka sumu, ikaharibu chembe nyekundu, damu ikashindwa kubeba oksijeni. Hiyo ndiyo rangi ya kahawia niliyoiona. Kisha tukapiga hesabu. Mimi nina kilo 70. Nikimeza vidonge viwili ni kama miligramu 14 kwa kila kilo. Chausiku alikuwa na kilo 3, na nusu kidonge ni miligramu 250. Alipata zaidi ya 80 kwa kila kilo, wakati paka anaweza kudhurika hata kwa 10. Nami nilidhani nusu ni kidogo!

Dawa ya kupambana na sumu hiyo ipo, ile ile wanayopewa watu waliozidisha parasetamoli, lakini inataka saa za mwanzo. Mimi nilipoteza usiku mzima. Alikufa saa tano asubuhi nikiwa nimemshika.

Daktari alinionya pia kuhusu ibuprofeni na diklofenaki, zile tunazomeza mgongo ukiuma kwa kushusha magunia. Hizo humtoboa paka vidonda tumboni na kumharibu figo.

Ninawaomba wauzaji wa maduka ya dawa: mteja akitaja paka, msimpimie kipimo cha mtoto. Mwelekezeni kwa daktari wa mifugo, hata kama mtakosa mauzo ya siku hiyo. Mimi sikuficha kitu dukani pale. Nilisema wazi kuwa dawa ni ya paka.

Muuza nafaka,
Pasua, Moshi