Risala ya Kikundi cha Akina Mama Wafumaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Kazi za Mikono

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu,
Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,
Afisa Maendeleo ya Jamii,
Masheikh na wachungaji wetu,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uhai na afya hadi kuifikia siku ya leo. Pili, tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako nyingi na kufika mwenyewe. Hili la kufika mwenyewe tunalitia uzito, kwa sababu tumewahi kupokea wawakilishi. Walikuwa watu wema, walitusikiliza vizuri, lakini kila tulipouliza jambo walisema watalifikisha. Leo tunaamini limefika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kikundi chetu kilianza mwaka 2014 kikiwa na akina mama saba chini ya mwarobaini, kila mmoja na sindano yake ya kroshia na bunda moja la uzi mweupe. Leo tuko 23, tuna katiba, tuna usajili na tuna akaunti benki. Historia yetu ni ndefu ila muda wako ni mfupi.

Mafanikio yetu ni makubwa. Vitambaa vya makochi na vya meza tunavyofuma vimeenea kata nzima, na hakuna harusi ya maana inayofanyika hapa bila mkono wetu kuwemo. Kazi zetu zimevuka bahari: mwaka jana shangazi wa mwanachama mwenzetu alinunua shuka la meza na kwenda nalo Maskati, na hadi leo liko sebuleni kwake. Watoto 14 wa wanachama wamelipiwa sare na madaftari kwa fedha ya uzi. Aidha, tumetoka kwenye kroshia peke yake, na sasa tunafuma lesi za aina nne. Kwa uelewa wetu, hakuna kikundi kingine katika wilaya hii kinachofanya hivyo.

Tumeziweka mezani mbele yako. Tunaomba uziguse, maana ombi letu la leo limo ndani yake.

Ya kwanza kulia kwako ni kroshia. Hii ni ndoano moja na uzi mmoja, kitanzi kinavutwa ndani ya kitanzi. Ni kazi inayoweza kubebwa popote, hata kwenye daladala, na ndiyo iliyotulea. Haikutulea sisi tu. Ireland ilipopigwa na njaa ya viazi kuanzia mwaka 1845, masista waliwafundisha wanawake na mabinti kroshia, na vitambaa vyao vikauzwa ng'ambo wakati shamba halitoi kitu. Zipo familia zilizopona kwa ndoano hiyo unayoiona.

Ya pili ni kimia. Baba zetu na waume zetu wavuvi wataitambua, kwa sababu fundo lake ni lilelile la wavu. Kwanza tunafunga wavu wa matundu ya mraba, kisha tunajaza baadhi ya matundu kwa sindano mpaka ua au samaki anajitokeza. Wanachama wetu wawili walijifunza fundo hilo ufukweni, kwa kuwasaidia wazee kushona nyavu.

Ya tatu ni lesi ya sindano, na hapa ndipo shida yetu inapoanza. Ukiiangalia vizuri, Mheshimiwa, utaona haina kitambaa ndani yake. Tunachora ua kwenye karatasi ngumu, tunalaza uzi juu ya mchoro na kuushikiza, halafu tunajaza nafasi kwa mshono uleule wa kuzungushia tundu la kifungo, mshono kwa mshono, uzi ukikamata uzi mwenzake tu. Mwisho tunakata nyuzi za kushikizia, karatasi inatoka, lesi inabaki. Waitaliano wa Venice waliuita mshono wa hewani. Anayeshona nakshi za kofia kwa mkono anaelewa macho yanavyochoka kwa kazi hii. Mjini Alençon, Ufaransa, ambako lesi ya namna hii iliingizwa na UNESCO mwaka 2010 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, sentimita moja ya mraba inachukua saa saba, na fundi hukamilika baada ya miaka saba hadi kumi ya mafunzo.

Tunapenda kukumbusha kwa heshima kwamba Alençon haikufika hapo kwa juhudi za wanawake peke yao. Mwaka 1665 Colbert, waziri wa Mfalme Louis XIV, aliona fedha za Ufaransa zinakimbilia Venice kununua lesi, akaanzisha viwanda vya kifalme na kuleta walimu kutoka hukohuko Venice. Serikali iliamua na ikatekeleza.

Ya nne ni lesi ya vijiti, hiyo iliyo juu ya mto. Mto wenyewe tumeusindilia usumba wa nazi. Juu yake kuna mchoro uliotobolewa, kwenye kila tobo tunachomeka pini, na nyuzi zimeviringwa kwenye vijiti vidogo vinavyoning'inia viwili viwili. Mfumaji anashika jozi mbili kwa wakati mmoja na ana miondoko miwili tu: kupishanisha na kusokota. Ndivyo wanavyofanya Bruges, Ubelgiji, ndivyo walivyofanya wafumaji wa Devon, Uingereza, walioitengeneza lesi ya harusi ya Malkia Victoria mwaka 1840. Mto ulio mbele yako una vijiti 64. Mchoro ule ukishaanzwa hauondolewi juu ya mto mpaka umalizike, na unaweza kuchukua wiki sita.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wiki hizo sita tunazifanyia barazani kwa mwenyekiti wetu.

Kila jioni mto huo unabebwa na watu wawili kuingizwa ndani, na kila asubuhi unatolewa tena. Vijiti vinagongana, nyuzi zinasokotana. Mwezi wa tatu mbuzi alipita, akauangusha. Mama mmoja alikaa siku mbili akifungua nyuzi moja moja kwa ncha ya pini bila kufuma hata mstari mmoja, na hakutaka kusaidiwa kwa sababu ni yeye tu aliyejua kijiti gani kilikuwa wapi. Vumbi la barabara linageuza uzi mweupe kuwa wa rangi ya chai. Masika ikianza tunafunga kazi. Masika iliyopita tulirudisha malipo ya awali ya bibi harusi mmoja aliyetuagiza lesi ya shela, kwa kuwa tulijua hatutawahi siku yake. Alikwenda dukani akanunua ya mashine.

Hatuna ugomvi na mashine. Tangu Mwingereza John Heathcoat alipounda mashine ya kufuma neti, mwaka 1808, wafumaji wa mkono duniani kote wamelazimika kuishi nayo. Lesi nyingi nzito zinazouzwa madukani hudariziwa kwa mashine juu ya kitambaa ambacho baadaye huyeyushwa, nakshi zikabaki peke yake. Ni nzuri na ni rahisi kwa bei. Ila mteja anayekuja kwetu amekuja kutafuta usafi na umaliziaji wa mkono, na usafi haupatikani barazani.

Na mwanga. Zamani wafumaji wa Uingereza waliweka mshumaa mmoja katikati na kuuzungushia chupa za mviringo zilizojaa maji, ili mwanga ukusanyike na kumwangukia kila mmoja juu ya mto wake. Tumelijaribu kwa chupa na taa ya simu. Linasaidia kidogo, lakini wanachama wetu wanne wameshaacha lesi ya sindano kwa sababu ya macho.

Mheshimiwa, ukitoka hapa utaona upande wa kushoto msingi wa mita 6 kwa 10. Ule ni wetu. Kiwanja tulipewa na mtaa, na tunaushukuru. Msingi tuliujenga mwaka 2019 kwa michango ya shilingi 5,000 kila mwezi kwa kila mwanachama, baada ya mgeni rasmi wa mwaka huo kusimama hapahapa na kuahidi bati 54 na mbao za kupaulia. Tulipiga vigelegele. Tulifyatua tofali ili bati zisitukute hatuko tayari. Mwaka 2022 mgeni mwingine aliahidi kufuatilia ahadi ya yule wa kwanza, na akaongeza ya kuvuta umeme, kwani nguzo iko hatua 30 tu kutoka kwenye msingi. Nakala za risala zote mbili tunazo kwenye faili, na katibu wetu atakukabidhi pamoja na hii. Tofali zilizokuwa juu zimekwisha kwa mvua. Zilizo chini bado nzima, tumezifunika kwa makuti.

Tuliwahi kuomba mkopo kupitia ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa wanawake. Tulijibiwa kwamba ni mtaji wa biashara, si fedha ya ujenzi. Tulilielewa hilo, na ndiyo maana tunakuja kwako.

Ombi letu ni moja. Tusaidiwe kusimamisha kuta, kupaua kwa bati 54, kuweka madirisha mapana pande mbili, sakafu ya saruji isiyotoa vumbi, na kuvuta umeme kutoka nguzo ile. Nguvu kazi ni yetu, maji na mchanga ni juu yetu. Vyerehani, semina na safari za mafunzo vinaweza kusubiri, wala hatutavitaja leo.

Kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba pia kwamba utakapoinuka kuzungumza, ututajie tarehe na jina la afisa tutakayemfuata. Tutamfuata kwa adabu, lakini tutamfuata.

Tumekuandalia shuka la meza la kroshia lililofumwa na wanachama sita. Utaona pembe moja ina weupe tofauti kidogo. Hiyo ilifumwa wakati wa masika, na tumeifua mara mbili. Karibu sana ulipokee.

Tunaomba kuwasilisha.