Msiwape watoto haramu moja kwa kila kitu

Wanangu walimu wa chekechea na wa madrasa hapa Tanga,

Shikamoo zenu nazipokea kila asubuhi mnaponipita barazani. Leo nina neno nanyi, na nimeona niliandike ili lisomwe na wote.

Juzi mjukuu wangu wa miaka sita alirudi nyumbani na somo. "Bibi, kupiga mluzi usiku ni haramu. Kukalia kinu haramu. Kumwita mtu mzima jina tupu haramu. Kuuliza watoto wanatoka wapi haramu." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na kuiba?" Nikamwambia naam, kuiba ni haramu. Akanitazama. "Kama mluzi?"

Usiku ule sikupata usingizi. Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, na najua kitakachofuata. Siku moja atapiga mluzi gizani, nyoka hatakuja, wala jini. Haramu ya kwanza itakuwa imevunjika mkononi mwake. Hizo nyingine nani atamshikia?

Lugha yetu haikututupa, wanangu. Ina neno kwa kila katazo, na kila neno linamwambia mtoto nani aliyekataza. Haramu ni katazo la Mwenyezi Mungu. Si la bibi, si la mwalimu. Ni neno zito lenye heshima yake: kutoka shina hilohilo la Kiarabu tumepata ihramu ya hujaji, na maharimu, yaani ndugu wasioweza kuoana. Walimu wa madrasa mnajua kuliko mimi kwamba wanazuoni waliyapanga matendo mafungu matano, na kabla hujafika haramu unapita makuruhu. Kwenda msikitini ukinuka kitunguu kibichi ni makuruhu: ukiacha una thawabu, ukifanya huandikiwi dhambi. Basi kwa nini neno makuruhu silisikii tena midomoni mwenu? Sura ya An-Nahl, aya ya 116, inatuonya tusiziachie ndimi zetu kutangaza hiki halali na hiki haramu. Mwaka 1511 msimamizi wa masoko wa Makka, Khair Beg, aliwaharimishia watu kahawa. Amri ile ikaja kutenguliwa kutoka Kairo, na leo niambieni ni baraza gani la pwani lisilo na birika.

Marufuku ni la serikali. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kwetu Tanzania bara tarehe 1 Juni 2019, na Kenya walitutangulia Agosti 2017. Mtoto ataelewa haraka: kuna sheria, kuna faini.

Mwiko ni wa wazee, wa ukoo, wa mganga na dawa yake. Mgonjwa hushika miko hadi apone. Tuna na mzio, neno ambalo siku hizi hospitali wanalitumia kwa mtu anayewashwa akila samaki au karanga, lakini zamani lilikuwa pia chakula ambacho mtu amekatazwa. Waganda wana ndugu yake, omuziro: mtu wa ukoo wa Mmamba hali kambare mamba, kwa kuwa samaki huyo ndiye anayeutambulisha ukoo wake. Haogopi moto wa Jahanamu. Anajua yeye ni nani. Mwiko wa namna hiyo nauheshimu. Ila upo mwiko ninaotaka ufe kabla yangu, nao ni ule wa kumnyima mjamzito mayai. Wanawake waliohitaji chakula kile kuliko mtu yeyote nyumbani wamepitishiwa sahani, na waliowapitishia ni sisi bibi zao. Mwiko uliwekwa na watu, na watu wanaweza kuuondoa. Mkiuita haramu, mmeufunga kwa kufuli ambalo si lenu.

Mluzi wa usiku na kukalia kinu, huo ni uchuro. Semeni hivyo, "wazee walisema ni uchuro," na yaishie hapo. Kumwita mtu mzima jina tupu si adabu, na "si adabu" inatosha kabisa.

Limebaki lile la nne la mjukuu wangu, nalo ndilo lililonitoa kitandani kuandika. Kuuliza watoto wanatoka wapi si haramu, si mwiko, si uchuro. Ni swali. Wengi wenu mnalizima kwa neno "aibu", na mimi nililizima hivyohivyo kwa watoto wa watu miaka na miaka. Aibu ni ya macho ya watu. Inafaa kwa anayejisaidia njiani. Lakini tukimfundisha mtoto kwamba mwili wake ni aibu na kuutaja ni haramu, tumemnyang'anya maneno. Siku mtu mzima atakapomshika pasipostahili, atajua jambo moja tu: kwamba kulisema hili ni dhambi. Atanyamaza. Wapo walionyamaza darasani kwangu, nami nikadhani ni wapole.

Kwa hiyo nawaombeni, wafundisheni majina ya miili yao kwa lugha ya staha: sehemu za siri, kifua, makalio. Waambieni siri ya sehemu hizo ni ya kuwazuia wengine wasizishike, si ya kuwafunga wao midomo. Andikeni namba 116 ukutani, simu ya bure ya watoto, mahali ambapo hata wa chekechea ataiona. Na mtoto akikuvuta nguo akataka kunong'ona, chuchumaa umsikilize mpaka amalize. Neno la kwanza analostahili kulisikia kwako ni "hujakosa".

Ni mimi bibi yenu,
mwalimu mstaafu, Tanga