Barua kwa mpwa wangu anayekwenda BTP (mazoezi ya kufundisha) ya pili

Marahaba.

Nimeitikia kabla hujaniamkia kwa sababu najua hutaniamkia. Simu yangu inaita mpaka inachoka, WhatsApp umenifungia, na mama yako kila nikimpigia ananiambia yupo uani anafua. Mtoto gani anafua miezi minane? Lakini huyohuyo dada yangu juzi ulimi ulimteleza, akasema ukurasa huu huwa unausoma, tena unashuka mpaka kwenye maoni ya watu. Basi nimekufuata hukuhuku. Wasomaji wengine mtuwie radhi, leo kuna mambo ya ndani. Mlio vyuoni mnasubiri kupangiwa shule, mtakachokiokota kiokoteni.

Nimesikia umepangiwa Kilwa, shule ya pwani. Nimesikia pia kwamba chuoni mlipoulizwa nani ana ndugu mwalimu wa kumpokea, hukunyosha mkono. Hilo tuliache kwanza.

Safari hii usibebe vitu kama bibi harusi. Mwaka jana ulishuka hapa Liwale na begi la magurudumu, na barabara yetu unaijua ilivyo masika. Godoro la tatu kwa sita linakutosha, chandarua, ndoo mbili zenye mifuniko, jiko moja na taa ya sola. Vyombo utaazimwa. Karatasi za manila nunua mjini, ukingoja duka la kijijini utapewa mbili zilizopauka kwa jua na utauziwa bei ya mkeka. Beba makapeni ya rangi tatu, gundi, na uzi wa kutundikia chati, maana ukuta wa darasa wenye vumbi haushiki gundi hata uulambe. Chaki shule watakupa, lakini huwa zinatoka kwa kuhesabiwa kwenye kabati la mwalimu mkuu. Nunua boksi lako.

Ndiyo, nimesema chaki. Tutafika.

Ukishuka kwenye basi, kabla ya kutafuta chumba, nenda na barua yako ya utambulisho kwa mwalimu mkuu, halafu kwa mtendaji wa kijiji ukasaini kitabu cha wageni. Usione ni urasimu. Siku utakayoibiwa ndoo au kugongewa mlango usiku, utataka kijiji kiwe kinajua wewe ni nani. Mwaka jana hayo nilikufanyia mimi, wewe ukiwa umelala na uchovu wa safari, kwa hiyo huenda hukujua kama huwa yanafanywa.

Darasani usianzie kwenye azimio la kazi. Azimio litakuambia wiki ya pili ya Agosti darasa liko kwenye hesabu za sehemu, kumbe watoto wamekwama kwenye kugawanya tangu Mei na mwalimu wao anaona haya kusema. Kusanya madaftari kumi siku ya kwanza, ya watoto wa mbele na wa nyuma, uyasome usiku. Hapo ndipo utakapolijua darasa.

Usimtume mwanafunzi maji ya kwako. Na fimbo usiiguse, hata walimu wenyeji wakikupa kwa mkono. Kanuni za mwaka 2002 zinasema adhabu ya viboko ni ya mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Wewe wa mazoezi hayakuhusu hata kwa kusingiziwa. Ile video ya Mbeya ya 2016 uliiona ukiwa mtoto: wale waliokuwa wanampiga mwanafunzi ofisini walikuwa walimu wa mazoezi kama wewe, na chuo ndiyo ikawa basi. Wenyeji hubaki, wa mazoezi ndiye anayebeba mzigo.

Haya, na hili ndilo kubwa. Andalio la somo mpe mwalimu mwenyeji alisome, usimpe alisaini tu. Mpe jana yake jioni. Kaa naye. Mwoneshe kwa kidole utakachofanya, hatua kwa hatua, na kama kuna jambo lisilo la kawaida humo, litamke kwa mdomo. Usitegemee kwamba amesoma. Mtu ana vipindi vyake, ana zamu, ana mzazi mlangoni anadai mwanawe kapotezewa kiatu. Saini ni kitu rahisi sana kuweka.

Unaona ninakoelekea. Walio nje ya familia hawaoni, ngoja niwaeleze.

Mpwa wangu huyu mwaka jana alifanya BTP ya kwanza katika shule ninayofundisha. Alilala kwangu, akala kwangu, na kipindi cha Hisabati darasa la tano nilimwachia mimi mwenyewe. Watoto 92 chumba kimoja, watatu watatu kwenye dawati. Wiki ya tano, Jumatano, kipindi cha tatu, alikuwa anafundisha kujumlisha sehemu zenye asili, yaani namba za chini, tofauti. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, karibu na dirisha lisilo na kioo, nasahihisha majaribio ya darasa la saba. Nikainua kichwa. Ubaoni kumeandikwa nusu jumlisha theluthi, alama ya sawasawa, mbili ya tano.

Mbili ya tano. Amejumlisha kiasi kwa kiasi, asili kwa asili, kama mtu anayehesabu mbuzi. Nusu ameiongezea theluthi akapata kitu kidogo kuliko hiyo nusu aliyoanza nayo. Na badala ya kufuta, amesimama pembeni, mkono mmoja kiunoni, anawatazama watoto.

Nilisubiri. Nasema mbele ya wote kwamba nilisubiri. Niliona vichwa vinainama, watoto wananakili. Wewe umefundisha wiki tano, mimi nimefundisha tangu 1999, na najua kosa linavyosafiri. Likikaa ubaoni linaingia daftarini, likiingia daftarini linakwenda nyumbani, na huko hakuna wa kulifuta. Nikainuka. Kutoka dirishani hadi ubaoni ni hatua kumi na mbili, nimezipima baadaye. Sikusema neno. Nikaishika chaki iliyokuwa mkononi mwako nikaivuta, na uliikaza kidogo, nakumbuka, kama mtu asiyeamini, halafu ukaiachia.

Nikafuta. Nikaandika KDS, kigawe kidogo cha shirika, ni 6, tatu ya sita jumlisha mbili ya sita, tano ya sita. Watoto wakacheka. Si wote, lakini wa mbele walicheka. Wewe ulibaki umesimama na mkono uleule ulio wazi, kisha ukaufuta kwenye sketi yako ya bluu, ukaacha vidole vitano vyeupe pale pajani. Ulishinda na alama ile hadi saa nane. Nilikuwa naiona kila ukipita ofisini.

Jioni uliniamkia kama kawaida. Ulisonga ugali, ukala, ukaosha vyombo. Ijumaa, niliporudi kutoka kwenye kikao cha waratibu, mke wangu akaniambia umepanda basi la asubuhi. Mwanangu wa mwisho alikuwa amekaa kwenye lile godoro lako ulilomwachia, hataki kutoka. Na mama yako alikuwa amekwishanipigia mara nne. "Umemnyang'anya mwanangu chaki kama mwizi?" Dada yangu mimi, niliyembeba mgongoni.

Hivi kweli, mama, ulishindwa kuniambia mwenyewe? Tulikuwa tunalala nyumba moja! Siku mbili nzima ulinipakulia chakula ukiwa na jambo moyoni, ukaona ulipeleke kilomita zote zile kwa simu kwa mama yako, na kutoka kwa mama yako likafika kwa ukoo wote, hadi msibani kwa mzee wa Nachingwea watu wananiuliza habari za chaki. Mkufunzi wenu alikuwa anatazamiwa wiki ile. Je, angeingia yeye akaikuta mbili ya tano? Hilo halikuingia kwenye simulizi yako. Wala halikuingia kwamba tuko walimu saba kwa watoto zaidi ya mia sita. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Piga hesabu, hiyo haina asili tofauti. Wiki ile nilikuwa zamu. Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi nahesabu mahudhurio, nagombana na mzabuni wa kuni, nafunga milango jioni. Mtu akikuletea daftari ukiwa mstarini, umeshika peni, unasaini.

Nilisaini. Hapo ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Daftari lako la maandalio ulilisahau chini ya mto. Au uliliacha, sijui. Nilikaa nalo wiki mbili bila kulifungua, nikijiambia ni la chuo na lina mwenyewe. Jumapili moja mvua inanyesha, nikafungua ile Jumatano. Mwandiko wako mzuri, mistari umeipiga kwa rula. Idadi ya wanafunzi, walioandikishwa 92, waliohudhuria 81. Zana: maandazi sita na kisu. Sikuwa nimeyaona hata hayo maandazi, kumbe yalikuwa kwenye mfuko chini ya meza ya mwalimu. Kwenye hatua ya maarifa mapya, safu ya vitendo vya mwalimu, umeandika: "Kuandika jibu lisilo sahihi ubaoni, kunyamaza, na kuwaacha wanafunzi wagundue kosa kwa kulinganisha na andazi."

Chini ya ukurasa kuna saini yangu na tarehe.

Nilisoma tena. Nikaenda uani nikarudi. Mke wangu akauliza kuna nini, nikasema hakuna.

Halafu kule mwisho, kwenye tathmini, ambako sisi wote huwa tunaandika "somo limeeleweka kwa asilimia themanini" bila kupima chochote, uliandika kwa penseli, hafifu: "Somo halikukamilika." Na kwenye maoni: "Litarudiwa." Basi. Hukuandika jina langu wala sababu. Ningekuwa mimi ningeandika.

Nami nilifanya mazoezi yangu mwaka 1998, Masasi. Mkufunzi aliyekuja kunikagua alikuwa mzee mkali wa sauti, tulikuwa tunamwogopa. Siku ile nilichanganya mzingo na eneo kipindi kizima. Kipindi kizima. Alikaa nyuma, akaandika, akasubiri kengele ya rimu ikapigwa, akanipeleka chini ya mkorosho, akaniuliza, "Mwalimu, ungezungushia shamba lako uzio, ungehesabu kipi?" Hapo tu. Kesho yake nikarudia somo mwenyewe, na hakuna mtoto aliyejua. Nilikuwa nakisimulia kisa hiki kwa kila mwalimu wa mazoezi anayefika hapa. Wewe pia nilikusimulia, siku ya kwanza, tukinywa uji. Tangu Jumatano ile sijakisimulia tena.

Lakini na wewe, andalio la namna ile linataka mtu aambiwe! Kosa la makusudi mbele ya watoto 81, bila kumnong'oneza mwenye darasa? Hata fundi anayebomoa ukuta humwambia mwenye nyumba. Ningejua ningetulia. Nafikiri ningetulia. Pengine ningejitia kukohoa.

Jumatatu iliyofuata nilinunua maandazi sita. Niliingia darasa la tano na daftari lako, nikaandika ubaoni ile ile, nusu jumlisha theluthi, mbili ya tano, nikasimama pembeni. Kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kusema, sikuwa nafahamu. Dakika ya kwanza wananakili. Dakika ya pili wananakili. Jasho lilinitoka mgongoni, mkono unataka kufuta wenyewe. Halafu yule binti wa dawati la mwisho, yule uliyesema haongei, akasema polepole, "Mwalimu, mbona tumeongeza halafu imepungua?"

Darasa zima likalipuka. Wakaja mbele kukata maandazi. Yaliisha kabla hatujafika kwenye KDS, ikabidi tumalizie na karatasi.

Mwalimu mkuu alikuwa amepita dirishani, jioni akanisifu kwa ubunifu. Nikasema ahsante. Sikumwambia ni somo la nani. Nilikuwa na nafasi, tulikuwa wawili tu ofisini, na sikumwambia. Kesho nitamwambia, na kama anasoma hapa basi nimekwishamwambia.

Sasa sikiliza. Jumamosi kuna mzigo wako kwenye basi linaloshuka Nangurukuru, nimemkabidhi kondakta na nauli yake nimelipa. Ndani kuna daftari la maandalio, manila nane, boksi mbili za chaki, moja ya rangi, na rula ya ubaoni ya babu yako, ile ya mninga. Yeye aliingia ualimu enzi za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, mwaka 1976, ana cheti cha darasa la saba, anasoma kwa posta na redio usiku na kufundisha mchana, na rula ile aliichonga mwenyewe kwa sababu shule haikuwa nayo. Alama za sentimita upande mmoja zimefutika, tumia upande wa pili. Nilikuwa nimekusudia nikupe siku ya kuhitimu.

Mzigo nimeuandika jina la mama yako, maana la kwako nilihofia utaukataa. Mpelekee kondakta kitambulisho. Asipokuona hadi saa kumi atauacha kwa muuza chipsi wa pale stendi, wa upande wa Lindi, si yule wa upande wa Dar.