Tusikimbilie chipu kubwa kabla ya kusahihisha programu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jinsi wanaoanza kuprogramu maikrokontrola (chipu ndogo za kompyuta zinazoendesha vifaa) wanavyofundishwa PWM, yaani kuwasha na kuzima pini (mguu wa chipu) kwa kasi ili upana wa kila pigo uamue mwanga wa taa ya LED, hasa pale taa zinapokuwa nyingi kuliko taima za chipu (saketi zake za kuhesabu muda) na kazi yote ikaangukia programu.

Njia iliyozoeleka ni ya kaunta: kila hatua programu kuu hukatizwa, kaunta huongezwa moja, kisha thamani ya mwanga ya kila taa hulinganishwa nayo ili kuamua iwake au izimwe. Kwa ngazi 256 za mwanga na mizunguko 100 kwa sekunde, hayo ni makatizo 25,600 kila sekunde, na chipu ya megahezi 16 hubakiwa na mipigo 625 tu ya saa yake kati ya katizo moja na jingine. Kila taa inayoongezwa hula sehemu ya akiba hiyo, na mwanafunzi akilalamika huambiwa anunue chipu yenye kasi zaidi. Ushauri huo naupinga, kwa kuwa kasoro imo katika programu.

Ipo njia ya kuipa kila biti (tarakimu ya 0 au 1) ya thamani hiyo muda unaolingana na uzito wake: biti ndogo kabisa hupewa takriban mikrosekunde 39, inayofuata mara mbili yake, na kuendelea hivyo hadi ya nane, inayochukua karibu nusu ya mzunguko. Taa yenye thamani ya 5 huwaka katika zamu ya biti ya kwanza na ya tatu tu. Makatizo hushuka hadi 800 kwa sekunde. Tena, taa nane zikiwa kwenye poti moja (kundi la pini zinazoandikwa pamoja), baiti nane, moja kwa kila zamu, zenye biti moja kwa kila taa, huandaliwa mapema, na katizo lenyewe halilinganishi chochote: huandika baiti moja kwenye poti, hupanga taima, hutoka.

Baiti hizo ziandaliwe katika nakala ya pembeni na kubadilishwa mwanzoni mwa mzunguko, la sivyo taa zitapepesa. Wala njia hii isitumiwe kwa mota za servo (zinazogeuka hadi pembe inayoamuliwa na upana wa pigo), ambazo husubiri pigo moja lisilokatika, la milisekunde 1 hadi 2 hivi. Huko ni afadhali kupanga nyakati za kuzima pini kwa mfuatano na kuikatiza programu katika nyakati hizo pekee.

Msomaji wako,
Mhandisi wa programu