Fataki Zisizo na Madini ya Risasi: Zikikaa Stoo, Unaweza Kuzitegemea kwa Muda Gani?

Kwanza tuelewane kuhusu maneno, maana Kiswahili kimelipa neno moja kazi mbili. Risasi ni ile unayoijaza kwenye magazini, na risasi ni yale madini mazito ya kijivu. Mteja akiona kasha la risasi limeandikwa kwamba halina risasi, anachanganyikiwa kabla hata hajalifungua. Kwa hiyo humu nikisema risasi nazungumzia ile nzima: ganda, baruti, kichwa na fataki. Yale mengine nitayaita madini ya risasi kila mara, hata kama sentensi itakuwa ndefu. Na fataki ni kile kikombe kidogo cha duara kilichopachikwa kitakoni mwa ganda, kinachogongwa na pini ya bunduki.

Swali linalotufikia dukani karibu kila wiki ni hili: hizi zenye fataki zisizo na sumu, yaani zisizo na madini ya risasi, nikizihifadhi miaka 10 zitalipuka? Nyingi zitalipuka. Lakini usizitegemee kwa namna ile ile ulivyozoea kuzitegemea zile za zamani.

Mteja wetu mmoja, mzee anayepiga shabaha tangu ujana wake, alituletea makasha mawili ya bechi moja, yaani yaliyotengenezwa pamoja kiwandani, aliyoyanunua siku moja. La kwanza lilikaa ndani ya nyumba kwenye sefu. La pili alilisahau gereji, juu ya kabati, chini ya paa la bati, kwa miaka kama 6. Risasi za kwenye sefu zilipiga zote. Za gereji, 3 ziligoma, na 1 ilifanya jambo baya zaidi ya kugoma: alivuta kifyatulio, ikagonga, pakawa kimya kidogo tu, kisha ikalipuka. Bahati njema mdomo wa bunduki ulikuwa bado umeelekea kwenye tuta. Ana mazoea mema, na siku hiyo mazoea yalimlinda.

Zile 3 tulizipanga mezani chini ya taa, tukachukua lenzi. Kitu cha kwanza tunachotazama ni alama ya pini. Kishimo kikiwa kifupi au kimekaa upande, tunaishuku bunduki kwanza: springi imechoka, au grisi imeganda kwenye njia ya pini. Hapa vishimo vilikuwa na kina, katikati kabisa, sawasawa na vya maganda yaliyolipuka. Bunduki haikuwa na kosa. Kisha tukaona kwenye ukingo wa fataki moja, pale inapokutana na ganda, utepe mwembamba wa kijani. Hiyo ni kutu ya shaba. Unyevu ulipita hapo.

Kilichobadilika ndani ya kikombe

Fataki ndogo ina upana wa milimita 4.45, kubwa milimita 5.33. Mchanganyiko uliomo ndani yake una uzito wa punje ya mchele hivi. Punje hiyo ndiyo inayoamua kama baruti yote itawaka au itabaki imelala.

Karne ya 19 fataki zilitegemea fulminati ya zebaki, chumvi inayolipuka ikigongwa, mara nyingi pamoja na klorati ya potasiamu. Fulminati iliharibika mapema penye joto, na zebaki yake ililidhoofisha ganda la shaba. Klorati nayo iliacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi ikavuta unyevu, na asiyesafisha bunduki jioni aliamka akakuta kutu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya RWS ya Ujerumani ilileta mchanganyiko ulioitwa Sinoxid, uliotumia stifnati ya madini ya risasi, nayo chumvi inayolipuka, pamoja na nitrati ya bariamu. Aina hiyo ndiyo iliyotawala dunia nzima hadi leo, na sababu kubwa ni uvumilivu wake. Ikikaa pakavu na pasipo joto kali, inaweza kupita miongo kadhaa na bado ikawaka vizuri.

Kwa nini basi iachwe? Kwa sababu kila mlio unatoa moshi wenye chembe za madini ya risasi, karibu kabisa na uso wa mpigaji. Kwenye ukumbi wa ndani wa shabaha usio na hewa ya kutosha, anayeumia zaidi ni mwalimu anayesimama pale kutwa, kisha watoto wake anaowapelekea vumbi hilo kwenye nguo. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha madini hayo katika damu kinachojulikana kuwa salama. Sisi tunaziuza fataki mpya kwa moyo mmoja, na tungependa kila ukumbi wa ndani uzitumie. Tunachotaka ni mteja ajue anahifadhi kitu gani.

Miaka ya 1980 kampuni ya Dynamit Nobel, ya Ujerumani pia, ilitoa fataki zilizoitwa Sintox. Badala ya stifnati waliweka diazodinitrofenoli, kilipuzi kisicho na madini hayo, na badala ya chumvi za bariamu wakaweka peroksidi ya zinki. Watengenezaji wengine wakafuata, kila mmoja na mchanganyiko wake. Ndiyo maana haiwezekani kutaja umri mmoja kwa fataki zote zisizo na madini ya risasi. Hizo ni familia ya michanganyiko tofauti, na bechi ya kwanza ya miaka ile si sawa na inayotoka kiwandani sasa.

Hata hivyo yapo mambo ambayo familia hii, hasa ile ya diazodinitrofenoli, imeyarithi. Joto ni mojawapo. Stifnati huwaka yenyewe ikifikishwa nyuzi 275 hivi za Selsiasi, diazodinitrofenoli kwenye nyuzi 180. Stoo yako haitafika huko, lakini tofauti hiyo inakuonyesha ipi ni ngumu na ipi ni laini. Kemia ya kuharibika haingoji moto, huenda polepole kila siku, na kwa hesabu ya makadirio kasi yake huongezeka kama maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazopanda.

Jambo jingine ni unyevu. Viwandani mchanganyiko wa fataki hujazwa kwenye vikombe ukiwa umeloa, kwa sababu maji huutuliza, kisha hukaushwa. Unyevu ukirudi baadaye, unaurudisha mchanganyiko kwenye ule utulivu wa kiwandani, nao hugoma. Hilo ni kweli kwa fataki zote. Lakini baadhi ya michanganyiko mipya ilitumia nitrati ya strontiamu mahali pa nitrati ya bariamu, na ile ya strontiamu huvuta unyevu zaidi. Kwa hiyo mlango ukiwa wazi kidogo tu, mgeni anaingia haraka.

Na kuna namna yenyewe ya kuwasha, ambayo naona ndiyo inayosahaulika kabisa. Fataki ya zamani hutupa ndani ya baruti chembe za moto zenye uzito, na chembe hizo hushikamana na punje za baruti na kuziwasha. Diazodinitrofenoli hutoa zaidi gesi, na gesi hupoa upesi. Watengenezaji wameongeza metali kama titani au alumini ili chembe za moto zipatikane, na imesaidia sana. Ila baruti ikiwa baridi mno, au fataki imepoteza sehemu ya nguvu yake kwa umri, moto haujitoshelezi na mlio huchelewa. Hiyo ndiyo ile sekunde ya kimya iliyompata yule mzee. Majeshi yamekuwa na wasiwasi huo kwa muda mrefu, kwa sababu risasi za kijeshi za Marekani hutakiwa kufanya kazi hadi nyuzi 54 chini ya sifuri.

Soma kasha vizuri

Kichwa kisicho na madini ya risasi si sawa na fataki isiyo na madini hayo. Jeshi la Marekani lilipoanza kutumia risasi ya M855A1 mwaka 2010, kichwa chake kilikuwa cha shaba na chuma, lakini fataki ilibaki ya stifnati. Kadhalika sheria ya jimbo la California, inayokataza uwindaji kwa madini ya risasi tangu Julai 2019, inahusu kichwa na marisau. Mtu ananunua kasha la kuwindia akidhani ameepuka madini yote, kumbe fataki ni ile ile ya siku zote, na mwingine ananunua la mazoezi akidhani ni la kawaida, analifungia miaka mingi, kumbe fataki ni mpya. Kama maandishi hayasemi fataki ni ya aina gani, tuulize, nasi tutamuuliza mtengenezaji kwa kutumia namba ya bechi.

Ukisha jua, andika tarehe ya ununuzi kwenye kasha kwa kalamu ya wino mzito. Ni jambo dogo na karibu hakuna anayelifanya. Kanuni ya duka letu, ambayo ni uamuzi wetu kutokana na tunavyoona mezani, ni miaka 5: kasha lenye fataki isiyo na madini ya risasi likifikisha miaka hiyo linahamia kwenye rafu ya mazoezi, hata kama linang'aa. Mtengenezaji akitaja muda mfupi zaidi, tunafuata wake. La zamani litoke kwanza, jipya lirudi nyuma.

Mahali pa kuziweka

Ziache kwenye kasha lake la asili, kisha uliweke ndani ya sanduku la chuma lenye mpira kwenye mfuniko, pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu. Chagua chumba ambacho joto lake halipandi na kushuka. Joto linaloyumba huleta umande ndani ya sanduku, na umande ni mbaya kuliko joto la wastani lililotulia. Funga sanduku siku kavu, usilifunge mvua ikinyesha. Gari halifai hata kidogo: likiachwa juani, ndani yake panaweza kupita nyuzi 60.

Usizipake mafuta. Mafuta mepesi ya kufungulia nati zilizoshika kutu yameundwa kupenya kwenye nafasi nyembamba, na nafasi nyembamba ndiyo iliyopo kati ya fataki na ganda. Usizisafishe pia kwa dawa ya kung'arishia shaba yenye amonia. Jeshi la Waingereza nchini India lilipata tabu hii miaka mingi iliyopita. Risasi zilizotunzwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua zilipasuka maganda zenyewe, bila kupigwa. Mwaka 1921 watafiti walieleza chanzo: amonia ya mkojo wa farasi ilikuwa ikishambulia shaba iliyobaki na mkazo tangu ilipofinyangwa kiwandani. Chupa ya dawa ya kusafishia sakafu iliyoachwa wazi ndani ya kabati la risasi inaweza kuwa na amonia ile ile.

Baruti nayo inazeeka, nisije nikaitupia fataki lawama zote. Nitroselulosi, kiini cha baruti hiyo, huachia gesi za oksidi za naitrojeni polepole, na kemikali ya kuituliza, kwa kawaida difenilamini, huzinasa mpaka iishe. Ukifungua sanduku ukanusa harufu kali ya asidi, au ukaona vumbi la kahawia nyekundu, usipige hata moja kutoka humo.

Neno moja kwa wanaobeba silaha kwa kazi. Kila asubuhi risasi ile ile inaingizwa chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa kabla ya kupigwa, kila jioni inatolewa. Mchanganyiko wa fataki ni mkavu na umebanwa tu ndani ya kikombe. Ukigongwa mara nyingi unaweza kuvunjika na kumomonyoka, na kichwa cha risasi kinaweza kusukumwa ndani ya ganda, jambo linalopandisha shinikizo. Risasi ya juu kwenye magazini ibadilishe nafasi, na baada ya kuingizwa mara chache itenge kabisa.

Ikigoma

Usiigeuze bunduki kuitazama. Iache ikielekea kwenye tuta, uso wako usiwe nyuma ya chemba, hesabu pole pole. Wengi hufundisha sekunde 30, sisi tunafundisha 60 kwa risasi zilizokaa stoo. Ndipo uitoe. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, simama hapo hapo, toa risasi zote, hakikisha mtutu uko wazi kutoka mwisho hadi mwisho. Huenda kichwa kimekwama ndani, na risasi inayofuata inaweza kuupasua mtutu.

Zilizogoma usizitupe kwenye taka, usizichome, usizizike, na tafadhali usijaribu kuzifungua kwa koleo. Zitenge kwenye kopo lililoandikwa waziwazi, uzilete dukani au uzipeleke polisi.

Ukituletea kasha tulikague, lete na lile kasha lenyewe hata kama limechanika, maana namba ya bechi iko hapo. Lete maganda 2 au 3 yaliyolipuka kutoka humo humo ili tulinganishe vishimo vya pini, na utuambie lilikaa wapi, hata kama ni juu ya kabati la gereji. Ukaguzi wa makasha 2 huchukua kama nusu saa. Risasi zenye utepe wa kijani tunabaki nazo na kuziharibu kwa utaratibu wa sheria, zilizo salama unarudi nazo na tarehe mpya ya kuzitumia imeandikwa juu.